Raba Nyeusi



Wiki chache zilizopita fundi bomba alikuwa nyumbani kwangu, bafuni, ameshafunua mfuniko wa tangi la choo na kuuegemeza ukutani. Akaniita. "Mama, hebu njoo ushike hapa." Nikakunja mkono wa dera, nikaingiza vidole ndani ya maji, nikagusa raba ya duara inayoziba tundu la chini, ile ambayo ukibonyeza kitufe inanyanyuka ili maji yashuke. Ilikuwa laini kama ndizi iliyopitiliza kuiva. Nilipotoa mkono, vidole vitatu vilikuwa vyeusi tii, kama vya mtu aliyefuta masizi ya sufuria. Nilinawa kwa sabuni mara mbili. Weusi ulibaki kwenye mistari ya vidole mpaka kesho yake.

"Unaweka vidonge humu?" aliniuliza.

Nilikuwa naweka. Mabaki ya kidonge cha mwisho yalikuwa palepale, yamelala chini ya tangi karibu kabisa na ile raba, meupe, yamelika pembeni kama kashata iliyolowa. Nilianza kuvitumia kipindi cha Ramadhani, nyumba ikiwa na wageni kila jioni, nikavipenda, nikaendelea. Fundi nilimwita kwa sababu ya bili ya maji. Miezi miwili mfululizo uniti zilipanda, na nyumbani tuko watu walewale, kufua kulekule, kupika kulekule. Nilishuku mita. Nikamshuku mpaka kijana wa jirani anayeoshea pikipiki yake kwenye bomba letu la nje, na ninamwomba radhi hapa hewani, kwa sababu maji yalikuwa yanapotea chooni kwangu, kimya kimya, usiku na mchana.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze juu ya vidonge hivi vya kutumbukiza ndani ya tangi. Vimeingia nyumba nyingi. Utavikuta supamaketi, utavikuta kwenye maduka ya vifaa vya usafi Kariakoo, na mtaani kwangu hupita vijana wamevipanga kwenye beseni pamoja na viwembe na dawa za mbu. Ahadi yake ni nyepesi na ni tamu: tumbukiza, funika, choo kitajisafisha chenyewe kila kikivutwa.

Ninaelewa kabisa kwa nini mtu anakinunua kidonge hiki. Katika nyumba zetu, mgeni akiomba kwenda kujisaidia, moyo wa mwenye nyumba unashtuka kidogo. Unaweza kuwa umefagia, umetandika, umepika pilau la kuliwa na mawaziri, lakini akirudi kutoka kule nyuma ameshakujua. Ile kampeni ya usafi iitwayo Nyumba ni Choo haikuchagua jina lake bure. Ilitaja jambo ambalo mama na bibi zetu walilisema siku zote. Sasa mtu anafanya kazi kutwa, anafika nyumbani saa mbili usiku amechoka foleni, anaambiwa kuna kidonge kitakachosugua kwa niaba yake. Nani atakataa?

Tukitazame basi kinafanya nini.

Viko vya namna mbili. Cheupe, chenye harufu ya Jik, ni cha klorini, jamii ileile ya dawa inayotiwa kwenye mabwawa ya kuogelea. Kinayeyuka polepole. Kila ukivuta, maji yenye klorini yanashuka, yanapita kwenye sinki la choo, na mengine yanabaki kwenye ule mkunjo wa chini unaoziba harufu ya karo isipande. Yale yaliyobaki yanawazuia vijidudu na ukungu wasijenge utando. Hiyo ni kazi ya kweli, siwezi kukinyima haki yake. Cha bluu, kwa kawaida, ni rangi, sabuni na manukato. Kinanukisha na kupaka maji rangi, ingawa viko ambavyo navyo vimetiwa klorini.

Lakini kuna uchafu ambao klorini haiugusi. Wenye visima vya Dar es Salaam mnanielewa: maji yetu mengi ya kisima yana chumvi, yana chokaa, na yakikaa kwenye sinki siku baada ya siku yanaacha ukoko. Unauona chini ya ukingo, pale kwenye matundu yanayotoka maji, na kwenye mstari ambapo maji husimama. Ni mgumu, unakwaruza. Klorini inaupausha tu. Leo unauona mweupe unadhani umeondoka, kumbe uko palepale, na kwa kuwa unakwaruza, kila uchafu unaopita unapata pa kushika. Ukoko wa chokaa hutolewa na kitu kichachu, siki au ndimu, kikae usiku, halafu brashi na nguvu za mkono. Na kama maji yako yana chuma, yale yanayoacha michirizi ya rangi ya kutu, klorini inazidisha: inakifanya chuma kilichoyeyuka kiwe kutu na kugandia kwenye kauri. Mtu anaona michirizi imezidi, anaongeza kidonge cha pili.

Sasa turudi kwenye ile raba. Sinki la choo ni kauri, klorini haina cha kulifanya. Ndani ya tangi ndiko kuna vitu dhaifu: raba, washa, plastiki ya valvu, skrubu za kushikia tangi. Vyote hivyo vinalala ndani ya yale maji. Mchana mnavuta mara nyingi, maji yanabadilika, dawa haipati muda wa kukolea. Usiku mmelala, kidonge hakilali. Kinaendelea kuyeyuka kwenye maji yaleyale, na makali yanapanda mpaka alfajiri wa kwanza anapoamka. Halafu fikiria mmefunga nyumba, mmekwenda Moshi kula Krismasi, wiki mbili nzima. Raba imelala kwenye dawa kali siku kumi na nne, na kidonge kiko pembeni yake.

Hili wala si siri. Kampuni ya Kohler ya Marekani, inayotengeneza vyoo na masinki na imekuwepo tangu 1873, inawaonya wateja wake wasitumie dawa za kutumbukiza ndani ya tangi, kwamba zenye klorini zinaweza kuharibu vibaya vifaa vya ndani na kusababisha kuvuja, na kwamba haitawajibika kwa uharibifu huo. Wenzao wa Fluidmaster, ambao kazi yao ni hivyo vifaa vya ndani, walibuni kifaa kinachoipitisha dawa kwenye mrija na kuiteremsha moja kwa moja sinkini, isikae tangini kabisa. Mtu anayetengeneza raba akikwambia dawa isikae na raba, msikilize. Mimi onyo hilo sikuwahi kuliona. Pakiti yangu ilikuwa na picha ya choo kinachong'aa na maandishi ya lugha nisiyoijua.

Raba ikilegea haizibi. Haimwagi maji kwa kishindo, ungesikia. Inachuruzisha uzi mwembamba nyuma ya sinki, unaoshuka moja kwa moja kwenye karo. Boya linashuka kidogo, valvu inafunguka, tangi linajazwa, inafunga. Baada ya nusu saa tena. Usiku ukisikia choo kinajijaza peke yake na hakuna aliyekwenda, ndiyo hiyo. EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, linasema choo kimoja kinachovuja kinaweza kupoteza galoni 200 kwa siku. Ni lita zaidi ya 750. Zipime kwa ndoo yetu ya lita ishirini: ndoo thelathini na saba na kitu, kila siku. Kwa mwezi ni uniti ishirini na mbili na ushee, maji ambayo hakuna mtu aliyeoga wala kunywa, na utayalipia.

Inaniuma zaidi nikikumbuka Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Tulikuwa tunaamka saa nane za usiku kukinga. Watoto waliokwenda shule bila kuoga vizuri wanajua. Wamama waliobeba madumu kupanda ngazi za ghorofa wanajua zaidi. Katika mji ule ule, ndani ya matangi yaliyofunikwa vizuri, raba zilizooza zilikuwa zinachuruzisha.

Na mgao unanifikisha kwenye jambo ambalo mwenye kiwanda hawezi kulijua, kwa sababu yeye alikitengeneza kidonge kwa ajili ya nyumba ambayo bomba halikauki. Sisi tunaishi vingine. Maji yakikatika, tangi la choo halijai. Tunachota kwenye pipa, tunamwaga sinkini kwa ndoo. Maji hayo hayapiti tangini, kwa hiyo hayapiti kwenye kidonge. Choo kinachotumiwa na watu sita kwa ndoo ndicho kinachohitaji usafi kuliko vyote, na kidonge kimekaa juu huko kwenye maji kidogo yaliyosalia, kinajikolea.

Kisha kuna kopo. Mama yangu mkubwa alikuja kutoka Tanga, akanikuta sipo, bomba limekauka. Shatafu haitoi. Pipa lilikuwa nje, uani, naye alikuwa ameshaingia. Akafanya ambalo mtu mzima yeyote wa pwani angefanya: akafunua tangi, akachota kwa kopo, akajisafisha kwa maji ambayo kwa akili yake yalikuwa safi, hayajafika popote. Aliniambia niliporudi, kwa sauti ya chini, tukiwa wawili jikoni: "Mwanangu, maji yako yanawasha. Na yananuka hospitali." Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilimpa mafuta ya nazi, nikaomba msamaha, na nikashukuru kwamba hakuwa ametia udhu kwa maji yale akayafikisha machoni. Niliweke wazi, maji ya shatafu yenyewe hayana tatizo, maana bomba lake linachukua maji kabla hayajaingia tangini. Hatari ni kopo. Kama nyumbani kwako kuna kidonge, kila anayeingia chooni lazima aambiwe, na mgeni hakuna anayemwambia.

Cha bluu nacho nina neno nacho. Watu wanakipenda kwa sababu maji yanaonekana safi. Kwangu mimi rangi ile ni pazia. Mkojo wa binadamu ni habari. Mama anayemlea mtoto anautazama: umekuwa wa njano iliyokolea, mtoto hanywi maji, umekuwa na wekundu, kuna jambo. Kichocho cha mkojo bado kipo kwetu, pwani, Pemba, kanda ya Ziwa, na dalili yake inayojulikana na kila muuguzi ni damu kwenye mkojo, mara nyingi matone ya mwishomwisho. Mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anaoga bwawani likizo kwa babu yake hatakuja kukwambia. Utaiona sinkini, kama sinki lina maji meupe. Mama mjamzito vilevile, damu kidogo ndiyo inayompeleka kliniki siku hiyohiyo asingoje kesho. Ukipaka maji yote rangi ya bluu, umejiziba macho kwa pesa yako.

Sasa naomba unisikilize kwa makini hapa, hasa wewe uliyeajiri dada wa kazi, na wewe dada mwenyewe unayesikiliza huku unapiga pasi.

Klorini na asidi havikutani. Dawa nyingi za kusugulia sinki, zile za chupa yenye shingo iliyopinda, zina asidi ya haidrokloriki. Harpic tuliyoizoea ni mojawapo. Siki ni asidi, ndimu ni asidi. Na kuna ile dawa inayouzwa mtaani kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, haina lebo, hujui ina nini. Nyingi ni asidi kali. Sasa sinki lina maji ya kidonge cha klorini, dada anainama na kumimina asidi. Inatoka hewa ya klorini, inayochoma macho, koo na mapafu. Hewa hiyo ndiyo jeshi la Ujerumani liliyoifungulia mitungi huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915, ikaua watu kwenye mahandaki. Ya chooni ni kidogo, ndiyo, lakini bafu zetu nyingi ni chumba cha hatua mbili kwa mbili, dirisha ni matofali mawili ya matundu. Tena ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haipandi, inatulia chini. Aliyepiga magoti na brashi ndiye anayeivuta kwanza, na yeye hajui kama tangini kuna kidonge, kwa sababu kilitumbukizwa na baba mwenye nyumba jana usiku.

Ukisikia harufu kali inayokata pumzi, acha kila kitu, toka. Usibaki kumalizia. Fungua mlango na dirisha, kaa kwenye hewa, na kikohozi au kifua kikibana nenda hospitali ukaeleze ulichochanganya. Nawe mwajiri, mwambie anayekusafishia kuna nini ndani ya tangi. Mnunulie glavu. Mnunulie brashi yenye mpini mrefu asilazimike kuinamia. Kusafisha choo cha watu wengine ni kazi ya heshima, na anayeifanya anarudi kwa mama yake siku moja. Arudi na mapafu yake mazima.

Kuhusu karo nitasema kidogo. Nyumba nyingi za Dar hazijaunganishwa na bomba la maji taka, kila mtu na shimo lake, na ndani ya shimo wako vijidudu wanaokula uchafu na kuupunguza. Klorini ya kidonge kimoja, ikishachanganyika na maji yote ya nyumba, haiwezi kuwamaliza. Mazoea ya kutumbukiza vitatu, kisha kumwaga na chupa ya Jik kila asubuhi, ndiyo yanayowatesa.

Nimekiacha kidonge. Fundi alibadilisha raba na washa, kazi ya dakika ishirini, na bili iliyofuata ilirudi ilipokuwa. Chooni nimeweka brashi kwenye kikopo chake na chupa ndogo ya sabuni ya maji. Anayeingia kuoga asubuhi anasugua kwanza, mizunguko michache, na ukingo wa chini pia, mahali ambapo jicho halifiki. Tumepangiana zamu, na mwanangu wa kiume yumo kwenye zamu. Alhamisi usiku, kila mtu akishalala, namimina siki kuzunguka ukingo, asubuhi nasugua. Ukoko wa miaka ulichukua Alhamisi nne kuondoka. Kama wewe unaona huwezi kuishi bila dawa ya kukaa chooni, nunua ya kuning'iniza kwenye ukingo wa sinki, maji yakipita yanaichukua na tangi lako linabaki na maji matupu. Soma tu imetengenezwa na nini kabla hujaichanganya na kitu kingine.

Kwa wenzangu wenye choo cha shimo, haya ya raba hayawahusu. Nyie brashi, mfuniko na majivu yenu vinatosha.

Lakini kama una tangi, na umewahi kutumia vidonge hata mwaka jana, nina kazi moja ya kukupa usiku huu. Vaa glavu, kitoe kidonge kama bado kimo, kitie kwenye mfuko mkavu, kiweke mbali na watoto maana kinafanana na pipi. Vuta choo mara mbili tatu mpaka maji ya sinki yawe meupe kabisa. Kisha nenda jikoni, chukua ile rangi ya biriani, ncha ya kijiko tu, ikoroge kwenye maji kidogo, umimine ndani ya tangi. Usivute. Waambie na watoto wasivute. Kaa dakika kumi.

Rudi utazame sinkini. Ukiona rangi ya chungwa inachuruzika nyuma, kesho asubuhi mwite fundi, mwambie aje na raba. Ukikuta maji ni meupe, vuta rangi itoke isije ikaacha doa, funika tangi, ukalale.